Mawe ya Magurudumu Kwenye Uwanja wa Min Owor

Mabinti zangu, najua mnanisema. Mkitoka mazoezini Jumamosi mnasimama pale getini na mmoja wenu anaigiza ninavyotembea, mkono kiunoni, mguu wa kulia ukiburuta. Huyo mwigizaji namfahamu, na anafanya vizuri, ila ajue mguu unaoburuta ni wa kushoto. Sasa nimestaafu, magoti yamegoma kabisa kugusa simiti, nimeona niwaandikie yale ambayo hamkuwahi kunipa nafasi ya kuyasema. Kila nikianza hadithi mlikuwa mnaniambia, "Mwalimu, tucheze kwanza."

Nianze na hili la kutembea peku. Mnalalamika kwamba nawavua viatu asubuhi na sakafu ni baridi, tena wengine mmetoka kupaka kucha rangi. Lakini ukitembea peku polepole kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, nyayo zitakuambia mahali sakafu inapoinama, mahali fundi alipochoka akapitisha mwiko ovyo, mahali mvua iliwahi kuingia ikala simiti. Macho hayana habari hizo. Huu ukumbi wetu wa Tororo una mwinamo mdogo karibu na dirisha la tatu, na jiwe likifika hapo linavutwa kushoto kama ng'ombe aliyeona mahindi ya jirani. Mimi niliujua mwinamo huo miaka kumi kabla ya kuujua mchezo wenyewe, kwa sababu nilikuwa naufagia.

Ndiyo, nilikuwa mfagiaji. Nilizaliwa Masaba, upande wa Busia ya Uganda, nikaolewa Tororo, nikapata kazi ya kufagia ukumbi wa chuo. Siku moja akaja mama mmoja mfupi, mwenye miwani, akazunguka ukumbi akiigonga sakafu kwa kisigino. Huyo alikuwa Sista Apio, nesi aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi ya baridi kisha akarudi nyumbani kupumzika, na kupumzika kukamshinda. Akanieleza kwamba huko alikokuwa, wanawake huteleza mawe ya mviringo juu ya barafu. Mchezo unaitwa kalingi. Mmoja anaachilia jiwe, na wenzake wawili wanakimbia mbele yake wakifagia barafu ili jiwe lifike mbali.

"Wanafagia?" nikamuuliza.

"Wanafagia sana."

"Halafu?"

"Wakishinda, wanavalishwa medali."

Nilicheka mpaka nikauegemea ufagio. Mimi nilikuwa nimefagia miaka kumi na sijawahi kuvalishwa hata shada la maua. Nikamwambia Sista aniandike jina, hiyo timu ni yangu.

Barafu tuliyokuwa nayo sisi ni ile ya kuuzwa sokoni kwenye mifuko ya nailoni. Lakini Sista Apio alijua kwamba kuna namna nyingine ya mchezo huo, ya kuchezea sakafuni, ambapo mawe huwekewa vigurudumu chini. Hayo mawe hayakuwepo, tukaenda kuyatengenezesha kwa Fundi Barasa, aliyekuwa akitengeneza malori upande wa Busia ya Kenya. Barasa alimimina saruji kwenye sufuria ndogo, akachomeka chuma kilichopindwa kiwe mkono, na ilipokauka akafunga chini bearing tatu ndogo ziwe vigurudumu, alizozitoa kwenye takataka za gereji. Jiwe la kwanza lilipasuka nikabaki nimeshika mkono wake tu, kama mtu aliyeng'oa mlango. La pili lilikuwa zito kupita kiasi, likaniangukia kidoleni. Ukucha ule haujanisamehe mpaka leo. La tatu likatembea.

Kuvuka nayo mpaka ilikuwa kazi nyingine. Mawe manane ya saruji yenye magurudumu, kwenye toroli. Ofisa akainua moja akaligeuza juu chini.

"Mama, hii ni kitu gani?"

"Ni mchezo, afande."

"Mchezo ya kilo ngapi hii?"

Akatuambia tumwonyeshe. Nikapiga goti pale pale ofisini, nikaliachilia, likapita katikati ya foleni, likaenda kusimama taratibu kwenye ukuta. Naye akajaribu. Lake likaingia chini ya meza likamgonga mkubwa wake mguuni. Tuliruhusiwa kupita haraka sana.

Kwenye kucheza, kosa langu lilikuwa moja na lilinichukua mwaka mzima kuliacha. Nilikuwa natumia nguvu. Mikono yangu ilizoea kutwanga na kubeba mitungi, nikaona jiwe la saruji linataka nguvu hizo hizo. Kila nililolituma lilipita nyumba, ile miduara tunayoichora mwisho wa uwanja, likaenda kugonga viti. Sista Apio alikuwa ananitazama juu ya miwani. "Nabwire, jiwe halisukumwi," anasema. "Linaachwa." Alinifundisha kushuka chini mpaka goti la nyuma liguse sakafu, kwenda pamoja na jiwe hatua chache, kisha kufungua vidole bila kuongeza kitu, kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea. Nyinyi wenye simu za kujipiga video mnaliona kosa lenu hapo hapo. Sisi tulikuwa tunajipaka unga wa muhogo kwenye vidole, kisha tunaangalia mkono wa jiwe. Unga ukiburutika, ulisukuma. Ukiacha alama nne safi, uliachia. Mpaka leo naona unga unasema kweli kuliko simu.

Jambo jingine alilonifundisha Sista ni kwamba mchezo huu hauna refa wa kukimbia na filimbi. Ukiligusa jiwe linalotembea, kwa mguu, kwa ufagio, kwa nguo, unasema mwenyewe, na jiwe linaondolewa. "Huko kwenye barafu," aliniambia, "watu wanasema kabla hata jiwe halijasimama." Nikaitikia kwa kichwa. Niliona ni jambo jepesi.

Miguu ya Sista ilipoanza kumsumbua akabaki kwake, timu akaniachia mimi, nicheze na kufundisha kwa pamoja. Tulikuwa wanane, wengine kutoka Tororo, wengine kutoka pande zote mbili za Busia. Nilikuwa kocha wa kelele. Nilikasirika kwa Lusamia, nikasifu kwa Dhopadhola, na nikichanganyikiwa kabisa nikaangukia Kiswahili ambacho hata mimi sikukielewa. Aliyekuwa haongezi kelele ni mmoja tu, Athieno, aliyeolewa kule mashambani Mwello. Binti mwembamba, mpole, macho yake hayaachi jiwe. Nikimkaripia anasema, "Sawa, mwalimu," kisha anatuma jiwe pale pale nilipokuwa nataka, nami naona aibu.

Nyumbani kwa Athieno ndiko tulikokimbilia wakati ukumbi umeshikwa na mitihani. Mama mkwe wake, Min Owor, yaani mama yake Owor, alikuwa na uwanja wa kuanikia ulezi, tunaouita wimbi, na sijaona uwanja wa kulingana nao. Aliusiriba mwenyewe kwa samadi ya ng'ombe na udongo wa kichuguu, tabaka juu ya tabaka, akausugua kwa kiganja mpaka ukawa laini kama sahani. Tulicheza pale mara moja. Mara ya pili alitutimua kwa ungo.

"Wanawake wazima!" alipiga kelele. "Wanasukuma mawe kama wamerukwa na akili! Wimbi yangu mtaniekea wapi, kichwani?"

Basi sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Ilikuja habari kwamba chama cha mchezo kinamtuma ofisa wake, Bwana Wekesa, na timu ya wanawake kutoka Nairobi. Watacheza na sisi, na Bwana Wekesa atachagua mtu mmoja wa kuajiriwa kuwa kocha wa shule zote za mpakani, huku na huku. Kocha kamili, si mfagiaji anayefundisha baada ya kazi. Aliandika kwenye barua kwamba ameshasikia jina langu, ila anataka kuniona kwa macho. Mabinti, sitawaficha, niliitaka kazi ile kuliko chakula. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Niliona kwamba nikiikosa, nitazeeka na ufagio mkononi.

Na nikafanya nini? Siku moja kabla ya wageni kufika, nikapiga sakafu polishi.

Chekeni tu. Sista Apio alinikataza mara mia. Sakafu ya kalingi hufutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Nilikuwa najua. Lakini wageni wanakuja! Kwetu mgeni hakanyagishwi sakafu iliyopauka, labda kama umegombana naye. Nikawaita wenzangu, wakaja wote mchana ule, tukanunua polishi nyekundu, ile yenye harufu ya sherehe, tukaipaka, tukaisugua kwa miguu juu ya vitambaa huku tunaimba. Hakuna hata mmoja wa wale saba aliyeuliza. Sakafu iliwaka. Ukijiinamia ulikuwa unaona kama ushungi umekaa sawa. Athieno peke yake alisimama mlangoni akaigusa kwa kidole cha mguu, akaniangalia, halafu akachukua kitambaa akaungana nasi.

Asubuhi wageni wakaingia na soksi zao nyeupe. Bwana Wekesa, mtu wa makamo, kofia mkononi, akasifu sakafu. Nikavimba kichwa. Kapteni wao, msichana mrefu, akaachilia jiwe la kwanza, la kiwandani, jekundu, zuri. Likaenda robo ya njia likakwama. La pili likajizungusha palepale. Tukaleta yetu ya Barasa, nayo yakafia njiani. Polishi ilikuwa haijakauka vizuri, imejaza magurudumu na kuganda kama nta masikioni. Soksi za wageni zilikuwa zimekuwa nyekundu mpaka kwenye kifundo.

"Wasee, hii floor imetuweza," kapteni akasema.

Bwana Wekesa aliinama, akakwangua gurudumu kwa ukucha, akanusa. "Nani aliandaa sakafu?"

"Ni mimi," nikasema.

"Na wewe ndiye kocha?"

Nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo sikuijua. Aliangalia saa. Kuitoa polishi ile kungechukua siku nzima, na wao walikuwa wanarudi siku hiyo hiyo. Akaanza kuwaambia wachezaji wake wafungashe. Hapo Athieno akanivuta mkono. "Mwalimu," akasema, "mama ameanika leo. Uwanja yake imekauka vizuri."

Tukayaosha magurudumu kwa mafuta ya taa haraka haraka, tukapakia mawe na watu kwenye pikapu mbili, tukashika njia ya Mwello. Mimi nilikuwa naomba Mungu, hasa kuhusu ungo.

Min Owor alikuwa amekaa kivulini mwa ghala anafukuza kuku. Uwanja wote umejaa wimbi. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikamweleza kila kitu, hata polishi. Hata ile kazi ninayoitafuta nikamwambia. Alicheka polishi mpaka akajifuta machozi.

"Wewe unapiga rangi sakafu ya mchezo? Mimi mjinga, lakini hiyo nisingefanya." Akawaangalia wageni. "Haya. Wimbi yangu kila mtu anazoa. Hata huyu bwana ya kofia. Na viatu, hakuna. Mtu akinikwaruzia uwanja, atausiriba yeye."

Mngeona Bwana Wekesa amechuchumaa peku, anazoa wimbi kwa viganja na kumimina kwenye gunia, huku Min Owor anamwonyesha punje alizoacha. Kapteni wa Nairobi alikuwa na mikono myepesi, kumbe bibi yake ni wa Bumala, kule Busia ya Kenya. Wimbi likaisha, tukachora miduara kwa majivu, tukacheza.

Uwanja wa samadi una mwendo wake. Jiwe halikimbii, linakwenda kwa heshima. Wageni walikuwa wazuri kutushinda, hilo niliseme wazi, lakini walizoea sakafu zilizonyooka. Min Owor akaninong'oneza, "Upande ya ghala inainama kidogo. Mvua ikinyesha, maji inakwendanga huko." Nikamwambia Athieno. Mzunguko wa kwanza wakachukua wao, wa pili sisi, wa tatu hakupata mtu. Wa nne ulikuwa wa mwisho, na jiwe la mwisho lilikuwa la Athieno. Jiwe la wageni lilikuwa limekaa karibu kabisa na katikati. Tukilipita kwa ukaribu, tumeshinda. Tusipolipita, wameshinda wao.

Mimi nilisimama ndani ya nyumba, kwenye ile miduara ya majivu, nimeshika ufagio kuonyesha mahali pa kulenga, kiganja kimoja nje ya katikati upande wa juu, ili mwinamo ulirudishe jiwe. Siku hiyo nilivaa gomesi yangu ya njano, lile gauni letu refu la heshima, kwa ajili ya wageni, na mshipi wake mpana umefungwa kiunoni, ncha zinaning'inia mbele. Athieno akashuka. Akaachia. Lile jiwe lilikuja vizuri jamani, likajipinda pale pale nilipotaka, nikarudi nyuma kulipisha, na nilipokuwa nageuka ncha ya mshipi ikapita juu yake. Niliisikia kiunoni, mvuto mdogo tu. Jiwe likasogea kidogo, likasimama katikati kabisa.

Vigelegele vikapanda. Wenzangu wakanirukia. Kapteni wa wageni akanipa mkono, nami nikaupokea. Bwana Wekesa akavaa kofia yake, akaivua tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Min Owor, aliyekuwa hajui hata sheria moja, alikuwa anacheza ngoma peke yake, kisha akaleta uji wa wimbi moto moto, kikombe cha kwanza akanipa mimi.

Nikanywa. Nataka mjue kwamba nilikunywa. Nilijiambia mshipi haukugusa. Kisha nikajiambia umegusa, lakini jiwe lingefika tu. Kisha nikajiambia kwamba timu haina kosa, kwa nini niwaharibie. Mtu akitaka kitu kwa moyo wote anakuwa wakili mzuri sana. Uji ulikuwa mtamu, nami nikaongeza funda jingine.

Nikashusha kikombe. "Jiwe la Athieno nililigusa," nikasema. "Kwa mshipi. Liondolewe."

Kuku tu ndio walioendelea na mambo yao. Mmoja wa wenzangu akanisonya. Bwana Wekesa akaja mbele yangu.

"Umekaa na hilo neno muda gani, mama?"

Nikamwonyesha kikombe. Kilikuwa kimefika nusu.

Min Owor alielewa kabla ya watu wote. Akaninyang'anya kikombe, akakiangalia ndani, akampelekea kapteni wa Nairobi. "Basi kunywa wewe," akamwambia. "Na nitakuongeza." Jiwe likaondolewa. Tukawa tumeshindwa.

Bwana Wekesa alimwendea Athieno, aliyekuwa amechuchumaa pembeni anayafuta magurudumu, na mimi nikasikia kila neno.

"Wewe uliona?"

"Niliona," Athieno akasema. "Nilikuwa nangoja mwalimu aseme."

Mabinti, nimeanguka mara nyingi maishani, lakini sijawahi kuanguka kama nilivyoanguka hapo nikiwa nimesimama. Wakati mimi nabishana na roho yangu juu ya kikombe, binti huyu alikuwa ananitazama. Jiwe lilikuwa lake, ushindi ulikuwa wake, na alikaa kimya kwa sababu aliona ni zamu yangu kusema.

"Nataka kumwajiri mtu wa kuwafundisha," Bwana Wekesa akamwambia. "Huyu mama amenipaka miguu rangi asubuhi, na jioni hii karibu anidanganye. Wewe ungetaka akufundishe tena?"

Athieno alilizungusha gurudumu kwa kidole, likalia, akaliweka jiwe chini. Mimi nilihesabu kuku wote wa Min Owor, nikarudia kuwahesabu.

"Alikawia," akasema. "Lakini alisema."

Kwa maneno hayo niliajiriwa, na kwa maneno hayo nimefundisha mpaka mwaka huu. Cheti changu cha kwanza kimetundikwa kwangu ukutani, mnakiona kila mkija kunywa chai, lakini hakijaandikwa hayo.

Kuanzia Jumamosi ijayo kocha wenu ni Athieno. Mtafurahi, maana hapigi kelele kama mimi. Ila ukiligusa jiwe, ujue ameona. Hatakuita, hatakukaripia. Atasimama tu pale, anakungoja. Mimi alinivumilia nusu kikombe cha uji. Nyinyi msimngojeshe.